Kadi Niliyoisahihisha kwa WhatsApp

Mwaka jana, katika chumba cha vitabu cha kitivo chetu hapa Kolwezi, nilipewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kuandika kadi za TFC. Ziko kwenye rafu mbili za chuma karibu na dirisha, nyingine zimefungwa kwa kamba, nyingine jalada limeshaondoka. Zinahusu Kiruund, Kichokwe, Kisanga, Kiluba, Kiswahili cha kambi za wafanyakazi, majina ya watu, methali. Mimi ni mwanafunzi wa isimu, lugha za Kiafrika. Sikusomea ukutubi, na mafunzo yangu yote yalikuwa sentensi moja: andika mwandishi, kichwa, mwaka, mada.

Mwandishi, kichwa na mwaka havina shida. Shida iko kwenye mada.

Katika TFC moja kuhusu usemi wa wafanyakazi wa migodi nilikuta, kwenye orodha ya mifano mwishoni, sentensi hii: "Baba yetu alitumika ku Gécamines." Iliwekwa peke yake, bila maelezo. Nikajaza kadi, na kwenye mada nikaandika: kauli ya kutendeka. Nilijiona hodari. Kitenzi ni tumia, kiambishi ni -ik-, basi. Kisha, kwa sababu ya ujana na kwa sababu siku hiyo nilikuwa na mega za kuchezea, nikaweka somo dogo kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa wetu, hapa Manika. Niliwaambia watu waache kusema "ninatumika ku mine". Nyundo ndiyo hutumika, niliandika. Mtu hufanya kazi.

Jioni ikaja sauti ya dakika mbili kutoka kwa papa mmoja wa mtaani. Aliingia Gécamines akiwa kijana, akatoka mwaka 2003, ule mwaka ambao wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. "We mutoto," alianza, "miye nilitumika miaka makumi tatu. Sikukuwa nyundo." Akacheka, akakohoa, akaendelea: kapita wake wa kwanza, posho, kantini, king'ora cha asubuhi. Neno kutumika alilirudia mara tisa (nilihesabu), na mara zote tisa mtendaji alikuwa mtu mzima mwenye mikono yake. Kabla ya usiku kuisha, mama mmoja wa Likasi aliandika kwamba kwao ni vilevile. Rafiki yangu anayesoma Tanzania akaandika kwamba yeye, alipoisoma sentensi ile kwa mara ya kwanza, alidhani Gécamines ilikuwa "imemtumia" mzee wa watu.

Asubuhi nilirudi kwenye kadi, nikafuta mada, nikaandika: kutumika, yaani kufanya kazi; Kiswahili cha Katanga. Yule papa alikuwa amenifundisha ukutubi kwa dakika mbili, na mimi sikuwa nimemwomba. Kama ningekaa na kadi yangu chumbani, kosa lingebaki pale hadi rafu ianguke, na mwanafunzi wa mwaka 2040 angelinakili.

Kwa hiyo hoja yangu katika ukurasa huu ni hii. Anayetunza maandishi ya Kiswahili cha ukanda wetu wa shaba hawezi kukua katika kazi yake akiwa amejifungia. Inampasa aandike hadharani, mara kwa mara, kwa jina lake, juu ya kile anachokipanga rafuni, mahali ambapo wenye lugha wanaweza kumkosoa. Na leo, kwa watu wetu, mahali hapo ni simu. Najua baadhi ya wahadhiri wangu watakunja uso.

Wenzetu wa nchi nyingine wameshalizoea jambo hili. Mwaka 2016, Wikipedia ilipotimiza miaka 15, wakutubi duniani waliombwa kitu kidogo: kila mmoja aongeze rejeo moja kwenye makala moja. Kampeni hiyo inajulikana kwa alama yake, #1Lib1Ref, na imekuwa ikirudi kila mwaka. Mwezi Mei 2020 AfLIA, jumuiya ya vyama na taasisi za maktaba za Afrika yenye makao yake Accra, iliwaita wakutubi wa bara letu wafanye hivyo kwa wiki nzima, juu ya mambo ya Afrika. Kinachonivutia si idadi ya marejeo. Ni kwamba mkutubi wa mji mdogo, asiye na mwalimu wa karibu, aliona kazi ya mwenzake wa nchi nyingine ikifanyika mbele ya macho yake, makosa na masahihisho pamoja, na aliweza kumwuliza swali.

Nilijaribu na mimi. Nilitaka kuongeza rejeo juu ya Kiswahili cha Kolwezi, nikakwama mapema sana: nirejelee nini? TFC zetu hazikuchapishwa, hazina orodha ambayo mtu wa nje anaweza kuiona, na kwa msomaji aliye Lubumbashi tu, kilomita 300 kutoka hapa, ni kana kwamba hazikuandikwa kamwe. Kitabu ninachokitumia zaidi, *Le swahili de Lubumbashi* cha Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa, chenye sarufi, matini na leksiko, kilichapishwa Paris mwaka 2014. Ni kitabu kizuri, lakini nakala niliyoisoma ni ya kuazima, na ilibidi niirudishe.

Hapa naomba nisimame kidogo kwenye kisa kimoja, kwa sababu naona kimebeba karibu kila kitu ninachotaka kusema. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani mjini Élisabethville, historia ya mji ule kama walivyoiona wao, yaani kutoka jikoni na mlangoni kwa Mzungu. Aliandika kwa Kiswahili cha huku kwetu. Maandishi yalipigwa kwa taipu, yakarudufiwa, yakagawanywa. Jina lake lilikuwa la Kifaransa, na linaanza na neno *Vocabulaire*. Sasa fikiria mkutubi anayejaza kadi kwa kutazama jalada tu. Ataiweka kwenye kamusi! Na pale kwenye kamusi ingelala salama, kwa sababu anayetafuta historia ya wafanyakazi haendi rafu ya kamusi.

Nakala moja ilimfikia Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Katanga na kufundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970. Kuisoma kwa macho hakukutosha. Maneno yalikatwa na kuunganishwa bila kufuata tahajia yoyote ya shule, na sentensi zilienda kama mtu anavyosimulia. Ilibidi Kalundi Mango aisome kwa sauti, ndipo maana ikatokea, kwa sababu aliyeiandika alikuwa ameandika sauti. Fabian, Kalundi Mango na Walter Schicho walishughulikia matini hiyo, na kitabu kikatoka mwaka 1990. Baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, Fabian na Vincent de Rooij walianzisha kwenye intaneti hifadhi ya Kiswahili cha watu wa kawaida, wakaweka humo matini za namna hii zikiwa nzima, pamoja na tafsiri: Yav, na pia mazungumzo ya mwaka 1974 na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu juu ya historia ya nchi aliyoichora. Mwaka 2008 Fabian aliandika kitabu kizima juu ya jinsi kazi ya mtafiti inavyobadilika pale matini inapokuwa wazi kwa kila mtu: msomaji anaweza kuweka maneno ya aliyesema kando ya maelezo ya mtafiti na kuona kama vinalingana.

Hiyo ndiyo kazi ninayoiita kuandika hadharani. Lakini hifadhi ile ilikaa Amsterdam. Sisemi hivyo kwa kulalamika, maana bila wao nisingeisoma. Nasema kwa sababu Jamaa, ile harakati ya Kikatoliki iliyozaliwa hapa Kolwezi katika miaka ya 1950 kwa Padri Placide Tempels, nayo ilifundisha kwa Kiswahili hikihiki, na kitabu cha Fabian juu yake kilitoka Marekani, kwa Kiingereza, mwaka 1971. Mabibi na mababu wa wenzangu darasani walikuwa wanajamaa. Ni wangapi kati yetu wameshawauliza neno moja, wakaliweka mahali wazee wengine wanaweza kusema, "Apana, haikukuwa vile"?

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni aibu. Mhadhiri mmoja aliniita baada ya kuona maandishi yangu kwenye Facebook, akaniambia kwamba "batu" na "bintu" zangu zitatuharibia jina, hasa sasa ambapo nchi yetu imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022 na dunia inaadhimisha Kiswahili kila tarehe 7 Julai. Wenzetu wa pwani watatuonaje? Namheshimu, na ndiyo maana makala hii nimeiandika kwa sanifu kadiri ninavyoiweza. Lakini hata sanifu ilichaguliwa kutoka katika Kiswahili cha mahali fulani: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichukua Kiunguja, na kamati ya mwaka 1930 ikakisimamia. Mtunzaji wa rafu hana kazi ya kusafisha anachokitunza. Mtu akiniletea sauti inayosema "tulikuwa tunatosha mukuba mu shimo", na mimi nikaiandika upya "tulikuwa tunatoa shaba shimoni", nimempa msomaji Kiswahili kizuri na nimempotezea ushahidi. Nikiiacha ilivyo bila maelezo, msomaji wa Dodoma atauliza walitosha nini. Basi nitaiacha ilivyo na nitaieleza: kutosha kwetu ni kutoa. Maelezo hayo siyapati vitabuni kila mara. Nayapata kwa kuuliza watu mia mbili kwa pamoja, wakiwa wamekaa nyumbani kwao, jioni.

Pingamizi la pili ni fedha, na hili silidharau. Mega ni ghali kwa mwanafunzi anayechagua kati ya kifurushi na bukari. Ila maandishi matupu ni mepesi. Aya tano hazifikii uzito wa video moja ya vichekesho, na video tunazitazama.

Pingamizi la tatu hakuna aliyeniletea. Lilinipata mwenyewe, na ndilo zito.

Mwezi wa tatu wa zoezi langu nilirekodi mchimbaji mmoja, kijana wa rika langu, akieleza majina wanayoyapa mawe kwa rangi na kwa uzito. Alijua nainasa sauti yake. Nilimwambia ni kwa ajili ya masomo, na hiyo ilikuwa kweli nusu, kwa sababu nilikuwa nimeshapanga kuweka sekunde arobaini kwenye statasi yangu. Katika sekunde hizo kulikuwa na mzaha mmoja juu ya mtu anayesimamia shimo lao. Nilidhani hakuna atakayemtambua, kwani sikutaja jina. Kumbe sauti ni jina. Kufikia jioni ilikuwa kwenye vikundi ambavyo sijawahi kuvisikia. Siku ya pili yake alinipigia simu, hakupiga kelele. "Yaya, sauti yangu ilifika kwa mukubwa." Aliondolewa kwenye timu ya shimo lile, na ikamchukua wiki kadhaa kupata nyingine.

Niliifuta. Kwenye simu za watu haikufutika. Nilienda kwao na mfuko wa unga, nikaomba radhi mbele ya mama yake, na mama yake ndiye aliyeniuliza swali ambalo kitivoni hakuna aliyewahi kuniuliza: masomo gani hayo yanayohitaji kila mtu asikie? Nilikosa jibu siku ile. Wazee wa Gécamines wanasimulia kazi iliyokwisha na hawana wa kumwogopa. Mchimbaji wa leo anasimulia mahali anapolala kesho. Mimi nilikuwa nimewaweka wote kwenye rafu moja.

Tangu siku hiyo, ya wachimbaji naandika neno na maana yake tu. Siweki sauti, shimo, mtaa wala tarehe. Kabla ya kuweka, namsomea mwenyewe maandishi kwa sauti, akisema toa, natoa. Maneno mengine mazuri sana yamebaki daftarini kwa njia hiyo. Sijutii. Na nawaambia wenzangu wanaotaka kuanza: jifunzeni hili kabla ya kujifunza kupamba ukurasa, kwa sababu kosa langu la mada nililifuta kwa kifutio, na hili la pili bado lipo kwenye simu za watu.

Kuna jambo jingine dogo nililolipia. Mwezi wa sita simu yangu iliibwa sokoni. Zikaondoka sauti za yule papa, masahihisho ya mama wa Likasi, mabishano ya siku nne juu ya neno poso, ambalo huku linatukumbusha chakula kilichogawiwa wafanyakazi, ilhali Kilingala kikalifanya kuwa wiki nzima. Nilikuwa nikikiita kikundi kile maktaba yangu. Hakikuwa maktaba, kilikuwa baraza, na baraza watu huondoka na maneno yao. Sasa kila Ijumaa usiku nanakili kwa mkono: neno, aliyelisema akikubali kutajwa, aliyelipinga, tarehe. Daftari moja linabaki chumba cha vitabu. Nakala ya pili naichapa kwenye faili la maandishi matupu, lile ambalo hata simu kuukuu inaweza kulifungua, na nampa kila anayeniomba.

Ninachokiomba kwa kitivo si kikubwa. Kila mwanafunzi anayefanya staji katika chumba cha vitabu aandike, mara moja kwa wiki, aya chache juu ya kitu kimoja alichokipanga: ni nini, kinasema nini, neno gani hakulielewa. Aandike kwa Kiswahili, cha sanifu au cha hapa, aweke kwa jina lake mahali watu wa mji wanaweza kujibu, na masahihisho ayarudishe kwenye kadi. Mhadhiri ampe alama kwa masahihisho aliyoyapokea na kuyaandika, asimpe kwa idadi ya waliopenda. Wakutubi wa vyuo vingine watatuona. Wengine watatucheka, wengine watatuandikia, na wale watakaotuandikia ndio walimu ambao hapa hatuna. Mimi nimeshapata mmoja wa hivyo, mwanamke anayetunza hifadhi ya redio katika nchi jirani. Ndiye aliyenifundisha kuandika penseli kwenye kadi, kalamu kwenye daftari.

Msimamizi wa chumba amenipa kona ya meza kila Jumamosi asubuhi. Nimeshasahihisha kadi 31 kati ya zile za rafu ya kwanza. Ya pili sijaigusa. Wiki iliyopita nilimpelekea yule papa habari kwamba maelezo yake juu ya kutumika sasa yameandikwa kwenye kadi. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza, "Mu ile kadi, jina yangu muliiandika fasi gani?"

Kwenye TFC zetu, watu kama yeye huitwa watoa habari, nao huwekwa ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, mara nyingine kwa umri na jinsia tu. Kadi ina mstari wa mwandishi, na mstari huo una jina la mwanafunzi. Nilimwambia nitampa jibu Jumamosi. Nimeitoa kadi kwenye sanduku, iko mbele yangu, na penseli ninayo.